Ndege Saba wa Uzi wa Katani

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo halafu nikanyamaza kama mjinga, nikisubiri marahaba yako. Haikuja. Basi naendelea, maana nikiiweka kalamu chini nitaenda kufua, na nguo za nyumba hii nimekwisha kuzifua mara mbili wiki hii kwa woga tu.

Leo ni Jumapili, tumetoka kanisani. Nimekaa kwenye meza yako, ile ya kuchunia ndege, dirisha liko wazi na harufu ya naftalini imenipanda kichwani. Ulituacha kabla ya vuli na sasa masika yanaishia. Kaburi lako liliota nyasi, nimezing'oa jana. Mama hajambo, isipokuwa miguu. Amehamia Kisanga kwa kaka yake, Mjomba Lazaro, kwa sababu alisema nyumba yetu hapa Kilosa imejaa kikohozi chako. Mimi nimebaki.

Wamenipa kazi yako, Baba. Barua ya Chuo ilisema niishike "kwa muda, mpaka apatikane mtu anayefaa." Kwa hiyo sasa mimi ndiye mwenye ufunguo wa vile vyumba viwili nyuma ya stesheni, pamoja na makabati, ndege wakavu, panya, popo na nyoka wa kwenye chupa, vyote mali ya makumbusho ya Chuo Kikuu kilichoko ng'ambo, ambacho wewe hukukiona na mimi sitakiona. Watu wa sokoni bado wanaiita Nyumba ya Ndege Wafu. Bado wanavuka barabara wakikaribia mlango. Zamani nilikuwa nawacheka. Siku hizi hata mimi natamani kuvuka.

Unanijua. Ulikuwa unaniita Damari Mwoga mbele ya wageni, nami nanuna. Nimekuwa mwanamke mzima, nimeolewa na kufiwa na mume, na bado mende akiruka napanda juu ya kiti. Lakini woga ninaokuandikia leo si wa mende. Ulianza siku nilipofungua droo ya chini ya kabati la tatu, na haujaniacha tangu hapo.

Ilikuwa mvua. Paa lilivuja upande wa makabati, nikakuta ukungu kwenye mabawa ya kozi wawili. Nikafanya kama ulivyonifundisha: droo zote nje, mikeka kivulini, ndege mmoja mmoja kwa brashi laini, lebo ikitazama juu. "Ndege asiye na lebo ni mto wa kulalia," ulikuwa unasema. Ulilisema hata siku ya homa yako ya mwisho, Mchungaji amekaa pembeni akidhani unaweweseka. Mimi nilijua huweweseki. Nyumba ikiungua, ulisema, okoa daftari kwanza, manyoya yataota tena kwa ndege wengine.

Katika droo ile walikuwemo saba. Wadogo, wa kijivu, koo la rangi ya chungwa, wamelala chali kama wote, miguu imepishanishwa, na kila mmoja ana lebo kwa mwandiko wako. Ndege wote wa nyumba hii wamefungwa lebo zao kwa uzi mweusi wa pamba. Hawa saba umewafunga kwa uzi wa katani.

Nikakumbuka. Mwaka ule nilipoanza kukusaidia kuandika lebo, kwa sababu jicho lako lilikuwa limechoka na mimi nina mwandiko wa shule ya misheni, nilimshika mmoja wa hawa, nawe ukamchukua mkononi mwangu polepole. Ulisema, "Ukikuta uzi wa katani, usiisome lebo. Niulize mimi." Sikuuliza. Nilidhani uzi mweusi ulikuwa umekwisha siku hiyo. Nilidhani pia kwamba muda wa kuuliza upo.

Nilipaswa kushangaa tangu siku ile, maana wewe ulichukia katani. Ulikata mkonge kabla sijazaliwa, kadi ya kipande mfukoni, siku baada ya siku, mpaka mwiba wa jani ukakuharibia jicho la kushoto. Baada ya hapo hukutaka hata kamba yake nyumbani. Mbuzi wetu alifungwa kwa kamba ya mgomba, akawa anaila na kutoroka, na majirani wanacheka. Ulisema afadhali mbuzi mtoro kuliko kukiona kitu kile uani kwako.

Basi nikazisoma lebo, Baba. Nisamehe. Zote saba zinasema kitu kimoja: Mikumi, kando ya mto, penye miombo.

Na mimi namjua ndege yule. Sisi tunamwita mpiga filimbi, kwa sababu analia kama gadi wa treni anayeiruhusu iondoke. Nimetembea nawe Mikumi kiangazi mara nne, nimebeba nyavu, nimeona mavi ya simba yangali ya moto na nikalia njia nzima, na sikumsikia mpiga filimbi hata mara moja. Nimemsikia mahali pamoja tu maishani mwangu. Ni kwenye msitu wa makaburi wa ukoo wa Mama, siku tulipomzika Bibi.

Msitu huo unaujua. Haukatwi mti humo wala hauawi mnyama. Asiye wa ukoo haingii, na wewe mkwe ulibaki pembeni siku ile, kofia mkononi, hukuthubutu hata kunyoosha shingo. Mimi niliingia kwa sababu ni mtoto wa Mama. Tulipotoka, Mjomba Lazaro alitufunga kila mmoja uzi mkononi kama ilivyo desturi, nami niliuchezea njiani mpaka Mama akanipiga kofi. Unamkumbuka pia yule bwana aliyekata nguzo moja tu ya jiko lake humo. Walimhamisha na nyumba yake yote ng'ambo ya mto Mkondoa, na mpaka leo hakuna wa ukoo anayewapa moto watoto wake. Nguzo moja, Baba. Wewe umetoa ndege saba.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Nilijisemea labda nimekosea rangi ya koo, labda ni aina nyingine. Nikafungua daftari lako na kulinganisha, nikafunga, nikafungua tena. Halafu nikawarudisha wote kwenye droo, nikaifunga, nikaamua kwamba sikuona kitu. Hivyo ndivyo ninavyofanya mimi nikiogopa, unajua.

Wiki iliyofuata ikaja barua ya Profesa.

Ndiye yule yule aliyekufundisha kuchuna, mwenye goti bovu, aliyekuwa akikuandikia kila mwaka. Aliandika kwamba mmoja wa ndege wa kijivu, yule uliyempelekea zamani akakurudishia, vipimo vyake wamevichunguza, na hayumo katika vitabu vyao. Ni mpya. Alisema atakuja mwenyewe kumtafuta akiwa hai, pale Mikumi, kando ya mto, penye miombo. Na chini kabisa aliandika kwamba ndege huyo atapewa jina lako. Stefano, kwa maandishi ya kitaalamu, kwenye vitabu vya dunia nzima.

Unaona nilivyokwama? Niliisoma barua hiyo nikafurahi mpaka nikapiga kigelegele peke yangu humu ndani, kisha nikakikatiza katikati. Nikinyamaza, jina lako litakaa juu ya uongo. Nikisema, jina lako halitakaa popote, na lebo zako zote za miaka yote zitatiliwa shaka, kwa sababu mtu aliyedanganya saba nani atamwamini kwa zilizobaki? Na nikisema ndege ametoka wapi hasa, Profesa ataingia msituni na nyavu na bunduki na wapagazi, na ukoo utajua ni baba wa Damari aliyewafungulia mlango. Mama yuko kwa Mjomba. Mimi mwenyewe nategemea kuzikwa humo. Sikulala vizuri, chakula kikawa kinanishinda, na kila treni iliyopiga honi nilidhani ndiyo yake.

Akafika Alhamisi. Amezeeka, Baba. Alivua kofia mbele ya meza yako, kisha akasema kwa Kiswahili chake kile, "Huyu alikuwa fundi. Mimi ni mwanafunzi yake." Nililia, naye akadhani nalia kwa sababu ya msiba.

Tulikwenda Mikumi kwa lori la shamba la mkonge. Mashamba yamefika mbali sasa, Baba, hutaamini. Pale tulipokuwa tukipumzika kula mihogo yetu ya kuchoma ni mistari ya mkonge mitupu mpaka macho yanachoka. Nilikaa mbele kati ya dereva na Profesa, daftari lako mapajani, nikiomba Mungu lori liharibike. Halikuharibika. Lori la siku zote linaharibika, siku hiyo lilikwenda kama limelishwa.

Tulipofika mtoni Profesa aliniuliza, "Baba yako alisimama wapi?"

Nitakwambia ukweli, maana wewe ndiye pekee ninayeweza kukwambia. Nilinyoosha mkono, nikaonyesha mti. Mti wowote tu, wa kwanza niliouona. Akaenda akaugusa, akapima upana wake kwa kamba, akaandika kwenye kitabu chake. Aliniuliza kama nina hakika nami nikasema ndiyo, bwana. Kufikia hapo uongo haukuwa wako tena. Nilikuwa nimeufanya wangu.

Siku tatu tulitega nyavu kando ya mti ule. Tulipata shorewanda, tukapata kurumbiza, ndege wa kila siku, tukapata popo aliyechelewa kulala. Profesa aliketi kwenye kigoda chake tangu alfajiri, goti limevimba, mkono nyuma ya sikio, akisikiliza. Sijawahi kuona mtu anasikiliza vile. Nami nilikaa nyuma yake nikitetemeka, si kwa simba. Niliogopa goti lake. Niliogopa uvumilivu wake. Siku ya tatu akasema bila hasira, "Labda ndege amehama. Nitarudi na watu wengi zaidi, tutatafuta pande zote, mpaka milimani." Aliposema milimani nikaanza kukunja nyavu kabla hajaniambia.

Tuliporudi Kilosa nilimwomba ruhusa ya siku mbili nikamwone mama yangu. Alinipa. Nilipanda baiskeli yako mpaka Zombo, nikaiacha kwa watu na kumalizia kwa miguu. Njiani nilikuwa napanga maneno. Kwa Mama nitasema hivi, kwa Mjomba nitasema vile. Nilipofika uani nikakuta Mjomba amekaa anasokota kamba, na maneno yote yakayeyuka.

Nilipiga magoti, nikasema, "Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko kwa ndege wafu hawakupi chakula?"

Nikamwambia. Yote kwa mkupuo, bila kupumua, mpaka ule mti wa uongo niliouonyesha. Nilikuwa nimetazama chini nikingoja anifukuze. Niliona miguu yake tu na ile kamba, na kamba ilikuwa imesimama kusokotwa. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akabaki mlangoni.

Mjomba aliuliza swali moja: "Amewafunga kwa uzi gani?"

Nikasema wa katani.

Akacheka, Baba. Kicheko kidogo, cha puani. Akasema, "Shemeji yangu yule. Kumbe alifanya."

Ndipo aliponieleza yale uliyotakiwa kunieleza wewe. Kwamba Bwana aliyekuwa msimamizi wa Nyumba ya Ndege wakati huo alikuwa amemsikia Profesa akimtaja ndege asiyejulikana, akakupa kiangazi kimoja umpate, la sivyo urudi shambani kwenye mkonge. Kwamba ulitafuta Mikumi, ukatafuta Kidete, ukakosa, na ulijua pa kumpata tangu siku ya mazishi ya Bibi kwa sababu ulimsikia ukiwa pale pembeni na kofia yako. Uliingia peke yako asubuhi moja. Ulitoa saba kwa sababu wavu ulinasa saba kwa pamoja na wewe ulikuwa unatetemeka mno kuwachambua. Mjomba alisema ulimwambia hivyo mwenyewe: "Nilitetemeka, shemeji." Sikujua kwamba na wewe unatetemeka. Miaka yote uliniita mimi mwoga.

Na kesho yake ulikwenda kwake na kuku mweupe kwapani, ukakaa chini nje ya ua, hukuingia mpaka ulipoitwa. Uliwaambia wazee kabla hawajajua. Wakajadiliana siku nzima. Wengine walitaka uondoke ng'ambo ya mto na mkeo na mtoto. Mtoto ni mimi. Mwishowe wakasema ndege wamekwisha kufa, hawawezi kurudishwa kwenye matawi, basi wasiongezwe. Na wakakutaka uape kwamba jina la mahali pale halitaandikwa kwenye karatasi yoyote. Mjomba alinionyesha kwa kidole bonde la chini, lile lililokuwa la mpunga. "Lile waliliandika," alisema. "Walikuja wazungu wawili na meza ya miguu mitatu ya kupimia ardhi, wakauliza hapa panaitwaje, tukawatajia kwa heshima kama wageni. Mwaka wa pili lilikuwa mkonge."

Kwa hiyo uliandika Mikumi. Lebo haiwezi kuachwa tupu, na wewe uliapa.

Na uzi ndio nilioulilia, Baba. Tulipotoka kumzika Bibi tulifungwa uzi mkononi. Zamani ulikuwa wa gome la mti, siku hizi ni wa katani kwa kuwa iko kila mahali. Anayetoka msituni hufungwa, ili waliolala humo wajue ametoka kwa ruhusa na wasimfuate. Uliomba ndege nao wafungwe. Mjomba alichomoa nyuzi saba kwenye kamba yake mwenyewe akakupa. Wewe ambaye hukutaka katani hata shingoni mwa mbuzi ulikaa kwenye meza hii, kwa jicho lako moja, ukaifunga kwenye miguu myembamba kama vijiti vya kiberiti. Nimekuwa nikifungua na kufunga droo hiyo kwa woga kumbe ilikuwa salama.

Mama alirudi jikoni, na wakati wa kula akaniwekea mnofu mkubwa.

Nikiondoka Mjomba alisema, "Kiapo cha baba yako kimebaki na wewe. Ufanye unavyojua, lakini usiandike." Ni rahisi kusema. Yeye haandiki chochote. Mimi kazi yangu ni kuandika mahali.

Nilirudi nikamkuta Profesa mezani kwako, ndege wote saba wamepangwa mbele yake. Alikuwa amewakuta mwenyewe. Nilishika mlango. Kisha nikasema. Nilimwambia lebo hizi si za kweli. Ndege hawa hawakutoka Mikumi, na mti niliomwonyesha ni mti tu. Mahali walipotoka napajua. Sitapataja.

Alivua miwani. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Alisema, "Kama lebo hii ni uwongo, mimi nitaamini lebo gani?" Nikamwambia zote zilizofungwa kwa uzi mweusi. Nikamwambia kwamba baba yangu aliziweka hizi mbali na nyingine ili mtu aulize, na yeye Profesa hakuuliza, na mimi sikuuliza. Sijui nilipata wapi ulimi huo. Akauliza nimeapa kwa nani. Nikasema kwa watu waliokufa. Alitazama mkono wangu, kwa sababu Mjomba alikuwa amenifunga uzi wa katani kwa ajili ya kiapo, kisha akatazama miguu ya ndege. Nadhani alielewa. Kuelewa si kusamehe.

Mbele yake nilichukua wino, nikakata neno Mikumi kwenye lebo zote saba, na juu yake nikaandika: Mahali panajulikana. Hapaandikwi. Nikaweka jina langu, maana wewe ulinifundisha anayesahihisha aweke jina. Ya nne ina doa.

Akasema ndege asiye na mahali hawezi kumpa jina. Hilo ndilo limeniuma. Jina lako halitaandikwa, Baba. Nimelifuta mimi binti yako, kwa kalamu yako mwenyewe. Kama umekasirika una haki, lakini naomba ukasirike taratibu kwa sababu nimechoka.

Profesa aliondoka na treni ya Jumatatu. Hakuchukua hata mmoja. Aliwarudisha kwenye droo kwa mikono yake, ila mmoja alimlaza kifudifudi, yeye fundi wa mafundi, nikajua moyo wake haupo. Nilimgeuza baadaye. Kwenye behewa alisema barua ya Chuo itakuja. Hakusema itasema nini. Labda nyumba itafungwa. Labda "mtu anayefaa" amepatikana. Wiki mbili sasa kila mchana naenda stesheni, narudi mikono mitupu, nafua.

Lakini kinachoniogopesha zaidi si barua. Ni masikio ya mzee yule. Alisema milimani kabla sijasema chochote. Akirudi na watu wengi, na wakapita asubuhi mahali fulani kwenye njia fulani, mpiga filimbi atapiga filimbi, kwa sababu ndiyo kazi yake. Nina uzi wa kumfunga mguu. Sina wa kumfunga mdomo. Jana gadi wa treni alipuliza kipenga na mimi nikaangusha droo. Hakuna kilichovunjika ila nilikaa sakafuni nikatetemeka mpaka treni ikapotea. Nikajiambia, Stefano naye alitetemeka, na akafunga saba. Ikanisaidia kidogo.

Baba, sasa nafunga. Barua hii nitaiweka chini ya karatasi ya droo ile, wao juu yake. Nakuahidi hawatakuwa nane. Nakuahidi mkono wangu hautaandika Mikumi pasipo Mikumi, wala hautaandika pale. Na yeyote watakayemleta hapa badala yangu, kabla sijamkabidhi ufunguo nitamwambia: ukikuta uzi wa katani, usiisome lebo, niulize mimi. Nitakaa karibu ili aweze kuniuliza. Lala salama. Ukimwona Bibi mwambie nilipigwa kofi bure, kwamba uzi ule nilikuwa naupenda tu.

Ni mimi mwanao, Damari, bado Mwoga.

Nimeisoma tena kabla ya kuikunja. Ule ukurasa wa msitu nimelazimika kuuandika upya. Nilipokuwa nikiuandika mara ya kwanza nilianza juu kabisa, kama ninavyoanza kila lebo, na mahali. Niliandika jina lote, kijito chake na mti wake mkubwa, kwa mwandiko mzuri, bila hata kujijua. Nimeuchoma kwenye sahani ya kuchanganyia dawa na kumwaga majivu. Mikono bado inanuka moshi.